Bahasha ya Nne

Kwa mara ya tatu mwaka ule, Fundi Mitwali alikosa kazi kwa tofauti ya pauni chache mno.

Habari ilifika Jumamosi asubuhi, katika ukurasa wa mwisho wa gazeti, chini ya bei za pamba na majina ya meli zilizotia nanga. Aliyesoma ni Shakir, shemeji yake. Fundi Mitwali alikuwa mwashi wa kusifiwa tangu mtaa wa Karmuz hadi wa Kum Dikka, na tarakimu alizijua vizuri, lakini maneno yalimshinda. Ndiyo maana kila Jumamosi, kabla bakuli la fuli, maharage ya asubuhi, halijaondolewa, Shakir alifunua gazeti, akakohoa kidogo, akawasomea nani kapewa kujenga nini katika mji wa Iskandaria.

"Ghala la pamba, Mina al-Basal," alisoma. "Amepewa Haji Dasuki kwa pauni elfu moja mia moja tisini na sita."

"Na mimi?"

"Wewe ni wa pili, shemeji. Elfu moja na mia mbili."

Nabawiya, mke wa Fundi Mitwali na dada yake Shakir, alikuwa pembeni akichambua majani ya mlukhiya. Alimwona mumewe akiweka mkate chini. Hakuutupa, aliuweka taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika. Kisha akamtaka Shakir asome tena. Shakir akasoma tena. Ukuta wa shule ulikuwa umekwenda kwa Dasuki kwa tofauti ya pauni tatu. Mazizi ya farasi yalikwenda kwa tofauti ya mbili. Sasa ghala, kwa nne.

"Bei nilikuwa nayo mimi," Fundi Mitwali alisema. "Ukaiandika wewe. Mke wangu, Mama Ratiba, alikuwapo, anatutilia kahawa. Bahasha nikaigonga muhuri kwa mkono wangu, nikaipeleka kwa miguu yangu. Hatukuwa wanne humu ndani."

Shakir alikunja gazeti kwa uangalifu mkubwa, kona kwa kona, na Nabawiya akajikuta anatazama vidole vya mdogo wake kama vidole vya mtu asiyemjua.

Watu ishirini na wawili walikuwa wakimtegemea Fundi Mitwali kwa kazi. Kufikia siku ile walibaki tisa, nao walikuwa wakirekebisha jiko la mwoka mikate. Wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwa Dasuki, mmoja mmoja, wakipita mbele ya nyumba kwa upande wa pili wa njia ili wasilazimike kusalimu.

*

Tangu siku hiyo mambo madogo madogo yalianza kubadilika. Sanduku la karatasi, ambalo lilikuwa wazi miaka yote, lilitiwa kufuli. Ufunguo ukaingia katika kamba ile ile ya shingoni iliyobeba muhuri wa fundi. Karatasi tupu zikawa zinahesabiwa. Nabawiya alipojifunga milaya yake, shuka la kujitanda, kwenda hamamu ya mtaani siku ya Jumatatu, kama alivyokwenda kila Jumatatu tangu aolewe, mumewe alimwuliza nani na nani huoga siku hiyo.

Akamtajia. Mke wa Haji Dasuki alikuwa miongoni mwao.

"Basi pumzika wiki hizi," fundi alisema. "Maji ya hapa nyumbani yana ubaya gani?"

Nabawiya alivua milaya, akaitundika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, amemzalia mtu huyu mabinti watatu na kuwaoza wote kwa heshima. Alikwenda jikoni akachemsha maji katika sufuria ya kupikia, akaoga amechuchumaa, goti likimgusa kidevu. Hakulia. Ila alipomaliza aligundua kwamba amejisugua mpaka ngozi imewaka.

Zabuni iliyofuata ilikuwa ya mabanda mawili ya kuhifadhia vitunguu gatini, kuta za mawe, paa la mbao. Kazi ya miezi minne. Fundi Mitwali alikwenda kupima mwenyewe, akarudi akakaa siku mbili akipiga hesabu kwa chokaa juu ya kipande cha ubao. Siku ya tatu akamwita Shakir, akamtajia bei, na Shakir akaandika. Nabawiya aliambiwa akae chumbani wakati huo. Baadaye fundi akamfuata, akamwambia kwa sauti ya chini, kama anayempa zawadi, kwamba ameamua kuweka mia nane na sitini.

"Ila usimwambie mtu," alisema.

"Nimwambie nani?"

"Nimesema tu."

Kesho yake Shakir alikuwa anakula, akasema bila kuulizwa kwamba kwa mia tisa kazi ya mabanda ilikuwa bado ina faida nzuri. Nabawiya alikuwa anammiminia mchuzi. Mia tisa. Aliendelea kumimina mpaka mchuzi ukamwagika kwenye sinia.

Alielewa papo hapo. Kila mmoja wao alikuwa amepewa bei yake, kama panya wawili waliowekewa vipande viwili vya jibini, na mwenye nyumba amekaa anangoja kipi kitaliwa. Bei ya kweli bila shaka ilikuwa ya tatu, nayo imeandikwa na mtu mwingine, nje ya nyumba.

Angeweza kumwambia mdogo wake wakati ule ule. Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakumwambia. Aibu ilikuwamo, aibu ya kutamka kwamba mume wangu ananitega. Lakini kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Alijua kwamba yeye hakutoa bei yoyote kwa mtu yeyote. Basi kama si yeye, ni nani?

*

Ukianza kumtazama mtu kwa jicho hilo, kila anachofanya kinashuhudia dhidi yake. Shakir alikuwa na viatu vipya. Shakir alitoka baada ya sala ya alasiri bila kusema anakwenda wapi, akarudi anapiga mluzi. Shakir, ambaye alipenda kulalamika juu ya pauni tatu alizolipwa kwa mwezi, alikuwa ameacha kulalamika.

Jumanne, alipotoka, Nabawiya alipanda chumba cha juu na ufagio mkononi. Ufagio ulikuwa wa kujidanganya. Aliinua godoro. Alipapasa mfuko wa koti la baridi. Ndani ya kitabu kinene, katikati ya kurasa, akakuta barua.

Hakujua kusoma, lakini alama iliyochapwa juu ya karatasi aliijua: tao la mawe, na mwiko wa mwashi chini yake. Alama hiyo ilikuwa imepakwa kwenye kila uzio wa mbao katika mji mzima, kila mahali Haji Dasuki alipokuwa anajenga.

Alikaa juu ya kitanda cha mdogo wake, barua mapajani. Alimlea mtoto huyu tangu mama yao alipokufa. Alimpeleka kwa mwalimu, akamlipia kwa mayai na kwa kushona. Angeweza kuirudisha barua mahali pake, angoje arudi, amwulize uso kwa uso. Badala yake aliikunja, akaishusha chini, na mumewe alipoingia akamkabidhi. Alisema tu, "Nimeikuta juu."

Fundi Mitwali hakuweza kuisoma, na msomaji pekee nyumbani alikuwa yule yule mwenye barua. Basi wakatoka wote wawili kwa mguu hadi mbele ya mahakama, Manshiya, ambako waandishi wa barua hukaa chini ya miavuli na vimeza vyao. Fundi alimwendea mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kwa namna mzee alivyomchangamkia, Nabawiya alijua kwamba huyo ndiye aliyeandika bei ya kweli.

Mzee alikuwa mzito wa masikio na kwa hiyo alisoma kwa sauti ya kumfikia kiziwi mwenzake. Watu sita waliokuwa kwenye foleni walisikia kila neno. Barua ilisema: kwa Shakir Efendi, kuhusu lile tulilozungumza, nafasi bado iko wazi, pauni nne na nusu kwa mwezi. Haji anangoja jibu lako na anathamini ujuzi wako wa kazi za huko uliko.

"Ujuzi wa kazi za huko uliko," fundi alirudia.

"Nisome tena?" mzee aliuliza.

Mwanamume mmoja katika foleni akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akacheka puani. Fundi Mitwali aliweka sarafu ya kirushi moja juu ya meza, akasahau kuchukua barua. Ni Nabawiya aliyerudi kuichukua, ameshikilia milaya usoni, akihisi macho ya watu mgongoni hadi kwenye kona ya barabara.

*

Shakir hakukataa kwamba barua ni yake. Hilo ndilo lililomtisha Nabawiya, kwamba alikuwa mtulivu. Alisema karani wa Dasuki alimfuata mara mbili, naye akaenda mara mbili kukataa kwa mdomo wake, maana mtu kama Haji Dasuki humkatalii kwa kumtumia salamu. Hakuwaeleza kwa sababu alijua shemeji yake angedhani anatafuta kuongezewa mshahara. Barua aliiweka kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwita Efendi, yaani bwana, kwa maandishi.

"Viatu je?" fundi aliuliza.

"Viatu nimenunua kwa mkopo wa miezi mitatu. Twende dukani tukaulize."

"Nikienda dukani nitaulizwa mimi kama nina akili timamu."

Shakir akamgeukia dada yake. Alikuwa bado hajajua barua ilishukaje kutoka chumbani kwake. Alimtazama Nabawiya, akatazama ufagio uliosimamishwa mlangoni, akajua.

"Ungeniuliza, dada," alisema. "Mimi ningekwambia."

Nabawiya alifungua kinywa ili amweleze habari ya mia tisa na mia nane na sitini, mtego na yote, lakini mumewe alikuwa amesimama pale pale. Akachukua ufagio, akauondoa mlangoni. Shakir alipanda juu, akafunga vitu vyake katika shuka, akaondoka kabla ya adhuhuri, siku ya Jumatano, majirani wote wakiwa madirishani.

Alhamisi zabuni zilifunguliwa. Jumamosi gazeti likaja kama kawaida, na hapakuwa na wa kulisoma. Fundi Mitwali alilibeba hadi kwa muuza dawa wa mtaani, akasubiri wateja wawili wahudumiwe kwanza, kofia mkononi. Nabawiya alimsubiri ukumbini. Aliporudi alikaa juu ya ngazi ya kwanza, hakupanda ya pili.

"Mabanda yamekwenda kwa Dasuki," alisema. "Mia nane thelathini na mbili."

"Na wewe uliweka ngapi?"

"Mia nane thelathini na tano."

Hiyo bei Shakir hakuijua. Nabawiya hakuijua. Gari la mkokoteni lilipita nje. Halafu fundi akainuka, macho yamewaka, akasema basi ni yule mzee wa miwani, atakwenda sasa hivi amvunjie meza.

"Kaa chini, Baba Ratiba," Nabawiya alisema. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kumwambia mumewe maneno hayo kwa sauti ile. "Mara tatu za kwanza huyo mzee hakuwa na habari kama upo duniani."

Fundi Mitwali alikaa. Aliinamisha kichwa mpaka muhuri na ufunguo vikaning'inia mbele yake. Hakusema amekosea. Aliomba maji.

*

Ilimchukua Nabawiya siku nne kumpata mdogo wake, na alipompata ilikuwa mahali alipoogopa kumpata: kwenye ofisi ya Haji Dasuki, nyuma ya soko la nafaka. Alikuwa amekaa kwenye meza yake mwenyewe, na kidau chake cha wino. Mtu aliyefukuzwa kwa kuitwa mtu wa Dasuki angepokewa na nani mwingine katika biashara hii? Alimwambia hivyo mwenyewe, bila hasira, huku akimfuata nje hadi kwenye kivuli cha ukuta.

Nabawiya alimwomba msamaha. Alimweleza juu ya bei mbili, na jinsi alivyonyamaza. Shakir alisikiliza huku anaparura chokaa ya ukutani kwa kucha.

"Nisikilize basi nikwambie kitu," alisema mwishowe. "Kuna daftari humu ndani, nimeonyeshwa jana. Ukurasa mzima una jina la shemeji. Kila zabuni kabla hajaandika bei, huenda kule Maksi, kwenye machimbo ya mawe, kuwekesha mawe na chokaa, asije akashinda halafu akakosa vifaa. Si ndivyo?"

"Ndivyo. Amefanya hivyo maisha yake yote."

"Karani wa machimbo huleta hapa hesabu hiyo siku hiyo hiyo. Anapewa nusu pauni. Ujira wa mafundi wake unajulikana, hajawahi kuubadilisha. Juu yake huongeza sehemu moja ya tano, kila kazi, tangu alipoanza. Wanajumlisha, wanapunguza pauni mbili tatu hivi. Hawakuhitaji mtu wa nyumbani, dada. Shemeji ni mtu mnyoofu mno. Ukijua mawe yake umejua kila kitu."

Nabawiya aliegemea ukuta. Shakir alikung'uta chokaa kwenye vidole vyake.

"Sasa ukimwambia, atauliza umeyatoa wapi," aliendelea. "Nimeingia hapa juzi tu na nimekwisha kutoa siri ya mwajiri wangu. Sikuwahi kutoa siri ya mtu kabla ya leo. Mwambie shemeji hivyo. Au usimwambie, ni juu yako."

*

Alimwambia. Fundi Mitwali alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kifupi kikavu, akasema kwamba mawe yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakimsengenya. Siku iliyofuata alikwenda Maksi kwa ajili ya zabuni mpya, nyumba ya ghorofa mbili ya mfanyabiashara wa ngozi, akawekesha mawe ya kujengea ghorofa tatu, na kumlalamikia karani jinsi chokaa inavyopanda. Mawe ya kweli aliyaagiza kimya kimya kutoka kwa mtu wa upande wa Dekhela, aliyekuwa na machimbo madogo na hana karani. Faida akaweka sehemu moja ya saba.

Jumamosi ya wiki iliyofuata muuza dawa alimsomea. Alikuwa wa kwanza, na Dasuki alikuwa juu yake kwa pauni mia moja na kumi. Muuza dawa alitoa mkono kumpongeza mbele ya wateja. Kufikia Jumatatu, wale waashi waliokuwa wakipita upande wa pili wa njia walikuwa wakipita upande huu, na wengine walisimama kuuliza hali ya mabinti.

Nabawiya alirudi hamamu. Hakuna aliyemkataza wala aliyemruhusu. Alijifunga milaya tu, akatoka.

Ilipofika siku ya kuandikishana mkataba, fundi alihitaji mtu wa kumsomea kila kifungu. Alizunguka zunguka ukumbini asubuhi nzima, akifungua sanduku na kulifunga. Mwishowe akamwambia mkewe aende kwa Shakir. Amwambie chumba cha juu kipo kama alivyokiacha. Amwambie ni pauni tano kwa mwezi. Nabawiya alimwuliza kama hana neno jingine la kumpelekea. Alifikiri, akasema, "Mwambie na viatu nitavilipa."

Alikwenda. Shakir alitoka nje tena, wakasimama kwenye kivuli kile kile. Alikuwa amekonda kidogo, lakini tarbushi yake ilikuwa safi. Alisikia ujumbe wote, hadi wa viatu, na hapo akatabasamu.

"Mshukuru sana, dada. Mwambie namwombea kheri katika kazi yake." Alitazama nyuma, kwenye mlango wa ofisi. "Hapa tunapotoka jioni, bawabu anatupekua. Mifuko, soksi, hata kofia. Anapekua wote, mpaka mtoto wa kaka yake Haji. Ikifika zamu yangu nainua mikono, basi, kwa sababu hakuna anayenishuku mimi hasa. Kwenu nilikuwa sipekuliwi. Siwezi kurudi nikakae nangoja siku nyingine nitakapopekuliwa peke yangu."

Nabawiya hakujaribu kumbembeleza. Alimpa kitambaa chenye mikate ya ufuta aliyomwokea, akamshika shavu kama alivyomshika alipokuwa mdogo, akageuka.

Njiani alipita mahali ambapo watu wa mumewe walikuwa wameanza kuchimba msingi. Mmoja alimsalimu kwa adabu. Nyumbani alimkuta fundi amesimama mlangoni, amevaa kanzu yake nzuri, mkataba umekunjwa chini ya kwapa, ametazama upande wa kona ambako watu wawili wangetokea.

"Amesemaje?" aliuliza.

Nabawiya alimwona uso wake, jinsi ulivyozeeka katika miezi hii michache, na akaona kwamba hana nguvu za kuyabeba maneno ya Shakir, au pengine ni yeye mwenyewe aliyekosa nguvu za kuyatamka.

"Amefurahi sana," alisema. "Amesema umpe wiki moja amalize shughuli zake, atakuja."

Hakuwahi kumdanganya kabla ya siku hiyo. Alingoja fundi amwulize wiki kuanzia lini, shughuli gani, na kwa nini hakutuma barua. Fundi Mitwali alivuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia ndani na kuita kwa sauti chumba cha juu kifagiliwe.